Stokingi Japani, China na Korea: anayevaa anamvalia nani?

Binti Chumbageni:

Wakuu, salaam.

Juzi kwenye uzi wa tamthilia za Kikorea kuna jamaa alitamka kwamba wanawake wa kule wanavaa stokingi kuwatega wanaume, na akapigiwa makofi kibao. Sikutaka kuuharibu uzi wa watu, nikaona nifungue wa kwangu. Nimesoma Osaka, nikabaki hukohuko nikifanya kazi mapokezi ya hoteli, kwa hiyo Japani naisemea kwa kifua. China na Korea nimepita tu. Mnaokaa huko mtajazia.

Ninachosema ni hiki. Kule mguu kuonekana si kosa. Sketi inayoishia juu ya goti inaingia ofisini bila mtu kugeuza shingo. Kinacholeta maneno, Japani hasa, ni ngozi tupu. Stokingi nyepesi isiyoficha hata kovu la utotoni inahesabika kuwa umevaa. Ukikosa hiyo, hata sketi ikishuka hadi kwenye muundi, mbele ya wateja na wakubwa unaonekana umetoka nyumbani kabla hujamaliza kujiandaa.

Angalieni msimu wa wanafunzi kutafuta ajira. Wasichana wote suti nyeusi, shati jeupe, kiatu cheusi cha kisigino kifupi, na stokingi za rangi ya ngozi. Nyeusi hapana, zenye maua hapana. Sheria inayosema hivyo haipo, ila muuza suti atakwambia, ofisi ya ajira ya chuo itakwambia, na rafiki yako atakwambia bila kumuuliza. Na unatembea na pea ya akiba kwenye mkoba, maana uzi ukiachia kwenye treni saa mbili asubuhi huna pa kujificha. Ndiyo sababu kwenye konbini, vile viduka vya saa 24, stokingi zinauzwa karibu na miavuli na betri. Ni bidhaa ya dharura.

Pakiti yenyewe ni somo. Kuna namba ya denia, yaani uzito wa uzi kwa gramu ukiunyoosha mita 9,000. Chini ya 25 au 30 hivi wanaiita stokingi, ikizidi hapo inakuwa taiti. Kuna aina ya ufumaji: ule wa bei ya juu kidogo, zokki, kila mstari una uzi wa kuvutika, kwa hiyo inabana sawasawa na kung'aa sawasawa, ule wa kawaida mstari mmoja unavutika na mwingine hauvutiki. Kuna na ncha ya kidole: iliyoimarishwa kwa kiatu kilichofunga, au isiyo na alama kwa kiatu cha wazi mbele. Na kwa kuwa nyumba nyingi, na hata baadhi ya mikahawa, unavua viatu mlangoni, ile ncha inaonekana na wenyeji wote. Kuingia nyumbani kwa watu peku si adabu.

Msibani ndipo penye undani. Stokingi nyeusi, lakini iwe nyepesi, ngozi ionekane kwa mbali. Taiti nene nyeusi, ambayo sisi tungeona ndiyo ya heshima zaidi, kule inahesabika ya mitaani. Baridi ikiwa kali mikoa ya kaskazini watu wanalegeza, ila kanuni ndiyo hiyo. Sasa niambieni, huyo mjane wa miaka sabini anamtega nani?

Historia nayo tamu. Serikali ya Japani ya enzi ya mfalme Meiji ilifungua kiwanda cha hariri Tomioka mwaka 1872, na kufikia kabla ya Vita vya Pili vya Dunia hariri mbichi ya Japani nyingi ilikuwa inakwenda Marekani, sehemu kubwa ikaishia kwenye stokingi za wanawake wa huko. Kisha kampuni ya Kimarekani ya DuPont ikaleta nailoni. Mei 1940 stokingi zake zikaanza kuuzwa Marekani nzima, mwaka uliofuata biashara kati ya nchi hizo ikakatika, na soko la hariri halikurudi tena kama zamani. Baada ya vita mambo yakageuka: kampuni ya Kijapani ya Toyo Rayon ikaanza kutengeneza nailoni mwaka 1951 kwa kibali cha haohao DuPont, na Wajapani wakapata msemo uliovuma miaka ya 1950, kwamba tangu vita viishe vilivyopata nguvu ni viwili, wanawake na soksi. Mwaka 1967 mwanamitindo Twiggy akatua Tokyo na sketi fupi zikashika mji. Stokingi za kufunga kwa mikanda hazifai chini ya sketi ya urefu ule, kwa hiyo mwaka 1968 kampuni ya Atsugi ikaingiza sokoni stokingi za kuvaa hadi kiunoni. Vazi hili limekuzwa na ofisi na kiwanda. Mwanaume anayekodoa macho kaja baadaye.

Naomba kuwasilisha.

Kiti Moto Hakiliki:

Siti ya mbele nimeishika. Karanga zipo.

Mzee wa Kona:

Bi dada umeandika kisomi, hongera, ila unazunguka mno. Kama ni heshima tu, mbona katuni za Kijapani nusu yake ni sketi fupi na soksi za juu ya goti? Wana hadi jina la kile kipande cha paja kinachobaki wazi kati ya soksi na sketi, wanakiita "eneo takatifu" sijui nini. Heshima gani hiyo yenye kupimiwa paja?

Binti Chumbageni:

@Mzee wa Kona, hilo lipo, wanaliita zettai ryoiki, na limetoka kwa mashabiki wa katuni. Sijasema macho ya wanaume hayapo. Nasema hayakulianzisha vazi, na wanawake wenyewe hawakubali livutwe huko.

Ushahidi huu hapa. Tarehe 2 Novemba kule wanaiita siku ya taiti. Mwaka 2020 Atsugi, haohao wa 1968, wakasherehekea mtandaoni kwa michoro ya wasichana: mmoja ameinua sketi kidogo, mwingine amevaa sare kama ya mfanyakazi wa ofisini, macho yamelegea. Wateja wakawaka. Hoja yao ilikuwa rahisi: mimi nanunua taiti zenu niende kazini nisipate baridi, nyie mnanichora kwa macho ya yule anayenichungulia kwenye ngazi za stesheni. Kampuni ikaomba radhi kesho yake na kuondoa michoro. Waliokasirika wengi walikuwa wanunuzi wa kila siku, na hilo ndilo lililowauma wauzaji.

Hata hivyo kuna upande nakubaliana na wewe kidogo. Uhuru wa kuchagua ni mdogo. Mwaka 2019 Ishikawa Yumi alianzisha kampeni ya #KuToo kupinga kulazimishwa viatu vya kisigino kazini, akapeleka maombi wizara ya kazi, na waziri akajibu kwamba visigino vinaweza kuwa vya lazima kulingana na kazi. Stokingi ziko kwenye kifurushi kilekile. Kiangazi cha Osaka, nyuzi 35, jasho linatiririka, na wewe una nailoni hadi kiunoni. Wanaume waliruhusiwa kuvua tai tangu kampeni ya serikali ya Cool Biz mwaka 2005. Sisi miguu yetu haikukumbukwa.

Mzigo Haulali:

Mimi ni mtu wa Kariakoo, Yiwu, China, naenda kufunga mzigo, kwa hiyo niseme ya sokoni.

Ukitaka kujua stokingi za dunia zinatoka wapi nenda mkoa wa Zhejiang. Soko kuu la Yiwu, wilaya ya 4, ghorofa ya chini, ni soksi mpaka miguu ikuume. Karibu na hapo kuna mji mdogo wa Datang, ndani ya Zhuji, wenyewe wanajiita mji wa soksi na hawatanii: mashine, uzi, rangi, maboksi, vyote mtaa kwa mtaa. Kampuni kubwa za Yiwu kama Langsha na Mengna zimeota miaka ya 1990 kwa biashara hii.

Sasa mleta uzi, China dai lako linapinduka. Kule stokingi inayouzika sana wakati wa baridi inaitwa guangtui shenqi, tuseme "kifaa cha ajabu cha mguu mtupu". Nje rangi ya ngozi, ndani manyoya mazito. Nimeipindua mkononi, nzito kama blanketi la mtoto. Dada anavaa na sketi fupi, theluji inaanguka, ukimwona kwa mbali unamhurumia, kumbe mwenzio amejaa joto kukuzidi. Japani wanavaa kitu chepesi ili wahesabike wamevaa. China wanavaa kitu kizito ili waonekane hawajavaa!

Na nyuma yake kuna ugomvi wa nyumbani. Mama wa Kichina baridi ikianza tu anataka uvae qiuku, suruali ya ndani ndefu. Vijana wanaiona ya kishamba. Wana utani wao: kuna baridi ya aina moja inaitwa "mama yako anaona unasikia baridi". Hicho kifaa cha ajabu kimewapatanisha.

Binti anayenitafsiria aliniambia kitu kingine. Mama yake, kama wanawake wengi wa rika lake, anavaa zile stokingi fupi za rangi ya ngozi zinazoishia juu ya kifundo, na kandambili za ngozi, na gauni. Miaka ya 1980 hiyo ilikuwa mambo safi, nailoni ndiyo imerudi baada ya miaka ambayo kila kitu cha anasa kilikuwa hatari. Kumbuka mwaka 1966 Walinzi Wekundu, vijana wa mapinduzi ya Mao, walikuwa wanakamata watu barabarani kwa ajili ya gauni la qipao na kiatu cha kisigino. Kwa mama kama yule, stokingi ni alama kwamba nchi imefunguka. Kwa mtoto ni kichekesho, wanaita "mguu wa vipande vitatu": gauni, ngozi, soksi. Mimi sikucheka. Mzigo huo nauza hadi leo, Morogoro na Dodoma unakwenda.

Nikiwa napita Hong Kong nakunywa "chai ya stokingi". Wanachuja kwenye mfuko mrefu wa kitambaa uliogeuka rangi kwa majani hadi unafanana na stokingi. Tamu, nzito, na maziwa ya kopo. Msiogope, si ya mguuni.

Mzee wa Kona:

Hahaha, chai imenishinda. Lakini mzee wa mzigo hujagusa nyeusi. Heisi. Mtandao wa China umejaa hizo.

Mzigo Haulali:

Nimeziacha makusudi maana ndipo mambo yalipoharibika. Shanghai ya miaka ya 1930 stokingi na qipao ilikuwa picha ya mwanamke wa kisasa, ziko kwenye kalenda za matangazo za wakati ule, sigara, sabuni, kila kitu. Leo heisi mtandaoni ni chambo cha watazamaji. Mwaka 2016 wakati serikali inabana matangazo ya moja kwa moja ya mtandaoni, kilichowachekesha watu ni marufuku ya kula ndizi kwa madaha mbele ya kamera, na humohumo zilikuwemo stokingi na mikanda yake. Matokeo yake msichana wa kawaida anajiuliza mara mbili kuvaa nyeusi nyepesi kwenye treni, maana mtu atampiga picha na kuipandisha mtandaoni.

Na wakipigwa picha lawama inarudi kwao. Juni 2012 kampuni moja ya treni za chini ya ardhi Shanghai iliweka mtandaoni picha ya abiria aliyevaa gauni linaloonyesha, ikamwambia kwamba akivaa hivyo asishangae kusumbuliwa. Wasichana wawili wakaingia kwenye treni na mabango kuipinga. Mwaka uliofuata ikazuka mtandaoni picha ya stokingi zenye manyoya ya kubandika, miguu kama ya dume la nyani, eti za kufukuzia wahuni. Ulikuwa utani, ila ulienea dunia nzima kwa sababu kila mwanamke alielewa.

Mkenya Busan:

Sasa wadau. Niko Busan huu mwaka wa pili wa masomo, ngoja niweke ya Korea.

Hapa kwanza mjue mpaka wa adabu uko kifuani, si miguuni. Sketi fupi sana, hakuna anayekuangalia. Vaa kitop kinachoonyesha mabega na kifua kidogo, ajumma, wamama wa makamo, wote kwenye basi watakukazia macho mpaka ushuke. Mimi nilitoka Mombasa nikidhani ni kinyume.

Hiyo ya miguu haikuja hivihivi lakini. Mwanamuziki Yoon Bok-hee anatajwa kama aliyeileta sketi fupi mwaka 1967, na miaka ya 1970 chini ya rais Park Chung-hee polisi walikuwa wanasimamisha wasichana barabarani na rula kupima sentimita juu ya goti. Wale wasichana leo ni nyanya za watu, na wengine wao ndio wanaokuambia uvae stokingi usije ukaugua.

Kuhusu kile kifaa cha Mzigo Haulali, hapa tunacho cha kwetu na ni cha uongo maradufu. Ndani manyoya ya rangi ya ngozi, juu yake wavu mwembamba mweusi. Ukiangalia unaona stokingi nyepesi nyeusi, mguu unaonekana kwa chini. Kumbe huo "mguu" ni kitambaa! Yaani kizito kinachojifanya chepesi. Nilinunua, ikivutika kwenye goti rangi inapauka na siri inatoka.

Rangi nayo ina cheo. Ile ya ngozi wasichana wa rika langu wanaiona ya kizamani. Kuna inayoitwa rangi ya kahawa, ukiivaa watu wanakufikiria mhudumu wa ndege au karani wa benki. Nyeusi ndiyo ya kila siku. Shuleni ni hadithi nyingine kabisa, kuna shule zilikuwa na kanuni za rangi ya soksi, stokingi mpaka nguo za ndani, na Seoul ilibidi wanasiasa waingilie. Na hao wahudumu wa ndege: Asiana walikuwa wanawalazimisha sketi tu, hadi Februari 2013 tume ya haki za binadamu ikasema huo ni ubaguzi, wakaruhusu suruali.

Na kila msichana hapa chini ya sketi ana sokbaji, kikaptura. Mwaka 2018 makumi ya maelfu ya wanawake waliandamana Seoul, kituo cha Hyehwa, kwa sababu ya kamera za siri. Kwa hiyo Mzee wa Kona, wanaochungulia wapo. Wanaovaa wanavaa huku wakijua wapo.

Bi Mwanakheri:

Nimesoma wote, mashaallah. Mie wa Unguja. Kilichonishangaza ni hiyo stokingi inayoonyesha ngozi kuhesabika sitara. Kwetu, wafuasi wa Imamu Shafi, nyayo za mwanamke ni uchi ndani ya sala, na wengi tunavaa soksi. Lakini kitambaa kikionyesha rangi ya ngozi hakikusitiri, kivae kiache, ni mamoja. Kwa hiyo ile ya Kijapani ya msibani kwangu mie ni bure, na ile taiti nene waliyoikataa ndiyo ningeichukua.

Binti Chumbageni:

Bi Mwanakheri, umenipa tofauti ambayo nilikuwa naitafuta. Kwenu stokingi inapimwa kwa kile inachokificha. Kule inapimwa kwa kuwepo tu. Mtu anataka kuona umejitaabisha kwa ajili yake, ngozi ikionekana au isionekane. Ndiyo maana zile dawa za kupulizia, unapaka mguu rangi ukauke uonekane umevaa, zinauzwa kule na watu hawaoni ajabu.

Kiti Moto Hakiliki:

Swali la mtu mweusi: hiyo "rangi ya ngozi" ni ngozi ya nani?

Binti Chumbageni:

Nilikuwa nalisubiri. Hotelini kwetu kanuni iliandikwa "beige ya asili". Nikamuuliza msimamizi, asili ya nani? Akaangalia mkono wangu, akaangalia wake, akacheka, akaniambia nitafute inayonifanania. Konbini haikuwepo. Nikawa naagiza kahawia iliyokolea mtandaoni, dazeni kwa dazeni.

Wenyewe wameanza kuliona. Korea tume ya haki za binadamu ililisemea mwaka 2002 kwenye penseli za rangi za watoto baada ya wahamiaji kulalamika, na mwaka 2005 jina likabadilishwa kuwa rangi ya aprikoti. Japani, Machi 2021, konbini za FamilyMart ziliondoa madukani nguo za ndani zilizoandikwa "rangi ya ngozi" na kuzitoa tena zikiwa zimeandikwa beige. Rafu ya stokingi lakini haikuongezeka rangi kwa kubadilisha lebo.

Mzee wa Kona:

Basi nimeelewa, nusu. Nusu nyingine nabaki nayo. Sasa msaada: shemeji yenu anasafiri na kampuni yake Tokyo, mwezi wa pili, na amealikwa harusi ya mkuu wake. Anataka taiti nyeusi nene sababu ya baridi. Nimwambie nini?

Binti Chumbageni:

Mwambie nyeusi nene aivae barabarani, akifika ukumbini aingie chooni abadilishe. Wenyeji wengi wanafanya hivyohivyo. Harusini avae nyepesi inayofanana na ngozi yake, isiyo na michoro wala wavu, na kiatu kilichofunga mbele. Abebe pea mbili za akiba. Ukubwa wa M–L wa Kijapani umekatwa kwa mtu wa sentimita 150 hadi 165 hivi, na shemeji kama ni mrefu hata L–LL itamshukia katikati ya paja akiwa anapiga makofi. Na rangi yake hataikuta konbini. Anunue Kariakoo kabla hajapanda ndege, Mzigo Haulali anazo.